Mlango wa Mwanaheri

Niliondoka Al Mansoura Ijumaa asubuhi, begi mgongoni na blanketi nimelikunja na kulibana kwapani, bila kujua ninakwenda wapi. Mwenye nyumba alikitaka chumba chetu kwa sababu ndugu zake walikuwa wanakuja kutoka kwao, na wenzangu wote walikuwa wameshapata pa kuhamia. Ni mimi tu niliyekuwa nikijibu kila aliyeniuliza, "Nitaona." Nimesema hivyo Mombasa, nikasema Kampala, nikasema hapa Doha tangu siku ya kwanza, na mpaka leo huwa naona. Kazi yangu ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli ilikuwepo. Kilichokosekana ni kitanda tu.

Lakini nisidanganye kwamba nilidamka kwa sababu ya kitanda. Mpango wangu ulikuwa kulala hadi jua la adhuhuri lipite. Kilichoniamsha ni ujumbe wa sauti kutoka kwa dada yangu Naomi, aliye kwetu Molo mpaka sasa, ana duka la mbegu na dawa za mifugo, na ambaye huniita Zipo kwa kulikata jina langu Zipora.

"Zipo, joto la huko likoje? Huku mvua haijui kunyamaza. Sikiza, utacheka. Nimekipata kile kitabu! Nilikuwa Nakuru, nikapita kwa mzee mmoja anauza vitabu vya mtumba, nikakiona tu hivi, kimekaa chini ya kamusi. Nimemsomea Wanja ule ukurasa wa mlango. Wanja, hebu mwambie aunty."

Kisha sauti ya Wanja, bintiye aliye kidato cha pili, mdomo karibu kabisa na simu: "Aunty, hicho kitabu ni kigumu aki! Lakini nimelia. Mum amesema eti zamani alikuwa anakusomea wewe. Sasa ni mimi na yeye."

Sasa ni mimi na yeye. Nilikaa kitandani nikayasikiliza maneno hayo tena, halafu tena. Wenzangu walikuwa bado wamelala, kiyoyozi kinanguruma, na mimi, mtu mzima niliyevuka mipaka na kuzikwa na kufufuka katika miji mingapi sijui, nikamwonea wivu mtoto wa shule. Nilimpenda Wanja tangu alipozaliwa. Asubuhi ile nilitamani aumwe jino.

Basi nikafunga begi nikatoka. Maduka mengi yalikuwa yameteremsha milango ya chuma kungoja Swala ya Ijumaa ipite, ila mkahawa wa chai ya maziwa pale kona ulikuwa wazi, na harufu ya iliki ikanifuata hadi kituo cha basi. Nilipanda basi la kwanza lililosimama. Nikakaa dirishani na blanketi langu mapajani, na Molo ikanijia yote.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka jinsi vitabu vya shule vilivyovishwa. Ukipewa kitabu, unakaa chini siku hiyohiyo na gazeti kuukuu na gundi ya unga wa ngano, unakivisha nguo mpaka jalada lake lisionekane, kwa sababu kitabu ni cha shule na mwakani kitasomwa na mwingine. Kile cha Naomi alikivisha ukurasa uliokuwa na tangazo la mafuta ya kupikia. Kwa mbele alibaki nusu mwanamke: jicho moja, nusu ya kitambaa kichwani, nusu ya tabasamu. Nusu ya pili ilikuwa imekunjwa kwa ndani. Kwa hiyo kabla sijajua kitabu kinasema nini, nilikuwa nimeshamwona mwenyewe.

Kabla ya kitabu hicho, jioni zilikuwa zangu. Mimi nilikuwa darasa la sita, Naomi kidato cha tatu katika shule ya kutwa iliyokuwa juu ya kilima. Mama alikuwa akichuma pareto kwenye shamba la watu, anarudi na harufu yake chungu kwenye sweta. Sisi tulimenya viazi tukiwa tumeketi juu ya gunia hilohilo la viazi, magoti karibu na jiko, na ukungu umeshajaza ua hata choo hakionekani. Naomi alinieleza yote yaliyotokea shuleni: nani kachapwa, nani kaandikiwa barua na nani, suruali ya mwalimu wa hesabu imepasuka wapi. Alijua kuigiza sauti. Mama alikuwa akisema, "Nyinyi wawili mtameza visu kwa kucheka." Sikuwa na rafiki mwingine na sikumhitaji.

Kisha darasa lao likagawiwa riwaya ya kutahiniwa, na Naomi akanyamaza.

Hakuwa amenuna. Alikuwa amehama. Aliketi juu ya gunia lilelile, kitabu kimeegeshwa kwenye sufuria, kisu mkononi, na ganda la kiazi likitoka nene kama ngozi ya mbuzi mpaka Mama akamkemea. Nilimwuliza, "Suruali ya mwalimu je?" akasema, "Ngoja." Nilijifunza kulichukia neno hilo. Wanafunzi wenzake, nilivyosikia baadaye, walikilaani kitabu chote. Walisema kinaanzia mwisho, sentensi yake moja inameza ukurasa, na maneno yake ni ya Pwani mpaka mwalimu mwenyewe anafungua kamusi mbele ya darasa. Wengi walinunua mwongozo wakaachana nacho. Naomi hakuutaka mwongozo. Alisoma ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena, na midomo yake ikicheza kama mtu anayeonja chumvi.

Siku moja akaingia jikoni macho mekundu, akatupa mkoba. "Mama, Mwanaheri ameondoka tena. Amechukua mkeka wake alfajiri, hakumwambia mtu."

Mama alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Huyo ana shida kwao nyumbani."

"Ana shida, lakini mimi namwelewa, Mama. Wote wanamsema vibaya. Mimi namwelewa."

"Basi mwombee."

Niliyasikia hayo nikiwa mlangoni na ndoo ya maji. Mwanaheri. Molo nzima hakukuwa na mtu wa jina hilo. Tulikuwa na akina Wambui, Chebet, Moraa na Nafula, lakini Mwanaheri lilikuwa jina la joto, jina la mtu anayevaa leso na kunukia udi. Papo hapo nikaelewa yote, kama watoto wanavyoelewa. Msichana wa Pwani amehamia shule ya Naomi. Ni mzuri, ana matatizo, na ndiye anayemfanya dada yangu alie. Amempa kitabu chake asome, na hata picha yake ipo juu, nusu. Ndiyo maana sisimuliwi tena habari za suruali.

Sijui kama nimewahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yule. Kila jioni nilimsikiliza Naomi akimtaja kwa Mama. Mwanaheri kavuka mto. Mwanaheri kakataa posa. Mwanaheri kalala kwa watu asiowajua. Mama akaitikia kila mara kwa uzito wake uleule: "Atakuja kujuta." "Hao watu ni wema." Mpaka leo Mama hajakiri kama alijua ni mtu wa kitabuni ama la. Ukimwuliza anasema, "Nyinyi mlikuwa mnaongea sana."

Nikaamua kushindana. Ikiwa dada yangu anawapenda wanaoondoka alfajiri bila kuaga, hata mimi naweza. Asubuhi moja nikachukua gunia tupu, nikalikunja nikalibana kwapani, nikatoka kabla ya jogoo na kwenda kujificha nyuma ya banda la kuku nisikie watakavyolia. Umande ulinilowesha mpaka magotini. Nikasikia Naomi akipiga mswaki, akiimba. Nikasikia Mama akisema, "Huyu Zipora ameshaenda kuteka maji? Leo mvua itanyesha ya mawe." Ndivyo kulia kulivyoishia. Nikatoka mafichoni nikaenda kuteka maji kweli, kwa sababu sasa nilikuwa nimesifiwa.

Basi nikabakiwa na njia moja, kwenda kumwona ana kwa ana. Siku ambayo sisi wa shule ya msingi tuliachiwa mapema, nikapanda kilima mpaka kwenye lango lao wakati wa mapumziko ya mchana. Wanafunzi walikuwa wametapakaa kwenye nyasi na mabakuli ya githeri, mahindi na maharagwe. Nikashika waya wa ua nikamwita wa kwanza aliyekuwa karibu.

"Nataka Mwanaheri."

Alinitazama, akawatazama wenzake, kisha akapaza sauti ya kuvunja vioo: "Mwanaheri! Njoo uone mgeni wako! Umefuatwa kutoka kijijini!"

Kicheko kikaanzia kwenye nyasi kikafika madarasani. Na akatoka kweli. Lakini hakuwa na leso wala udi. Alikuwa msichana mrefu kama mlingoti wa bendera, soksi zimeteremka, sweta lake amelikunja amelibana kwapani, anatafuna.

"Wewe ndiye Mwanaheri?"

"Ndiye mimi. Unasemaje, mama mdogo?"

"Wewe ni wa Pwani?"

"Pwani gani? Mimi ni wa Elburgon." Wenzake wakaangukiana.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakabaki machache. "Mbona unamliza dada yangu? Kwani huna wa kwenu?"

Akaacha kutafuna. "Dada yako nani?"

"Naomi."

Uso wake ukafunguka wote. Akashika waya kwa mikono miwili, akainama mpaka macho yetu yakawa sawa. "Ati wewe ndiye yule mdogo wa Naomi? Kumbe uko kweli! Wee, njooni! Yule mdogo yuko! Sisi tulidhani amekutunga."

Nyinyi mnajua mambo ya shule zetu. Riwaya ikifika darasani, haichukui juma moja kabla wanafunzi hawajagawana majina ya wahusika. Mwenye tumbo anakuwa chifu, mwenye maneno anakuwa kungwi, na ukibatizwa huoshwi mpaka unamaliza kidato cha nne. Huyu aliitwa Chebet, na alipewa jina la Mwanaheri kwa sababu ya kutembea na sweta kwapani kama yule wa kitabuni alivyotembea na mkeka wake. Alinieleza hayo kwa upole, huku akinipa nusu ya hindi lake kupitia kwenye waya. Mwanaheri mwenyewe, alisema, hayuko popote. Ni wino.

"Na mimi mmenijuaje?"

"Insha. Mwalimu alituuliza kwa nini mtu aipende riwaya hii, sisi sote tukaandika uongo wa mwongozo. Dada yako akaandika kuhusu wewe. Ati mwanzoni alimchukia Mwanaheri, anaondoka ondoka bila sababu. Halafu akakumbuka ana mdogo wake nyumbani ambaye hawezi kuipita kona bila kuchungulia kuna nini. Ati siku moja utachungulia usirudi, na yeye anataka awe ameshajifunza kukuelewa. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa zima. Kuna mtu alilia, simtaji." Akajigusa kifuani.

Mtu mzima angeyapokea hayo kama zawadi. Mimi nilishuka kile kilima nikiwa na wivu mara mbili. Kwanza, darasa zima lilikuwa limesikia habari zangu kabla yangu mimi. Pili, nilikuwa nimeshindana na mtu asiyekuwepo, na nilikuwa nimeshindwa. Hindi la Chebet nililitafuna kwa hasira mpaka kigunzi.

Jioni ile nilikaa juu ya gunia mapema. Naomi alipotaka kufungua kitabu, nikakifunika kwa kiganja, pale kwenye lile jicho moja.

"Nisomee."

"Hutaelewa, Zipo. Hata sisi hatuelewi."

"Umewaambia watu habari zangu. Basi na mimi niambie zake."

Kisha akasogea, akanifunika ubavu mmoja kwa shuka lake, akaanza. Na kweli sikuelewa. Maneno yalikuwa mazuri na mazito, yakinipita kama gari la moshi usiloruhusiwa kupanda. Kurasa nzima mtu anatembea tu. Nikamwambia, "Hakuna kinachotokea."

"Ndivyo wanavyosema hata darasani. Lakini sikiza. Anakuchosha makusudi. Mwandishi anataka miguu yako iume kama ya Mwanaheri, ili ukifika naye ufurahi. Wale wanaosoma mwongozo wanafika bila kutembea. Wanafika wapi sasa?"

Akafungua ukurasa wa mwisho. Ninaukumbuka mpaka leo kuliko sala nyingi. Mwanaheri amefika mji asioujua, mkeka kwapani, anasimama mbele ya mlango wa nyumba asiyoijua. Anabisha. Ndani kunasikika malapa yakiburutwa sakafuni, yanakuja. Yanakuja. Hapo kitabu kinaisha.

"Nani alifungua?"

"Hakisemi."

"Lakini alifunguliwa?"

Naomi akafunga kitabu, akacheka, na kile kilikuwa kicheko chake cha zamani, cha suruali ya mwalimu. "Darasa letu karibu lipigane juu ya hilo. Mwalimu anasema jibu la mtihani ni kwamba hakufunguliwa, mtu aliyekataa kwao hana kwao. Mimi niliandika amefunguliwa. Alinikata alama."

"Kwa nini uliandika hivyo?"

"Mtu hatoki kitandani akavaa malapa kwa sababu ya mlango asiotaka kuufungua."

Tangu hapo, kila jioni viazi vilipokwisha kumenywa, tulisoma ukurasa ule mmoja. Yeye alisoma, mimi nilifanya malapa kwa viganja juu ya gunia. Mwaka ulipokwisha kitabu kikarudishwa shuleni kwenda kwa mwingine. Naomi alilibandua lile gazeti kabla ya kukirudisha, akanipa. Nilipolikunjua nikaona kwa mara ya kwanza ile nusu ya pili ya mwanamke: alikuwa ameshika kijiko. Nikacheka peke yangu, lakini nilikaa nalo miaka.

Mimi shule niliiacha kabla ya kufikia darasa la riwaya ngumu. Hakuna aliyenifukuza, kukaa ndiko kulikonishinda. Tangu wakati huo nimesoma kila kilichopita mbele yangu: karatasi za dawa, vibao vya barabarani, Kurani na Biblia za wenzangu wa vyumbani, maelezo ya mashine za kufulia katika lugha tatu. Kile kitabu nilikiona mara moja kwenye meza ya muuzaji huko Mombasa, kikiwa uchi, na jalada lake halisi ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Sikukinunua. Niliogopa nikikisoma mwenyewe nitagundua kwamba ni cha kila mtu.

"Dada, unaenda ibada na blanketi?"

Niligutuka. Basi lilikuwa limejaa Wakenya waliovalia kanisani, maana huku Jumapili yetu ni Ijumaa, na mwanamke aliyekaa kando yangu, gauni la manjano, kitambulisho cha hospitali bado kinaning'inia shingoni, alikuwa ananitazama kwa jicho la kucheka. Tulikuwa tunakaribia Abu Hamour, kwenye makanisa.

"Ninatafuta pa kulala," nikamwambia.

"Kanisani hawalazi watu, mahubiri yanalaza kidogo tu." Akacheka mwenyewe. "Umetoka wapi?"

"Mansoura."

"Na unaenda wapi?"

"Nitaona."

"Wewe ni wa kwetu kweli? Watu wa kwetu hupanga mambo yao." Lakini alikuwa ameshatoa simu. "Kuna dada wa Uganda, anakaa Muaither, anaitwa Nakato, juzi alilia hapa kanisani kwamba kitanda kimoja ni kitupu na upweke umemshika. Ngoja nimwandikie. Ni mtu wa Mungu lakini ana kelele."

Jibu lilikuja upesi na maelekezo yake, nikashuka nikapanda basi jingine. Muaither nyumba ni fupi, kuta zake ndefu, na mchana ule hakukuwa na mtu njiani isipokuwa paka chini ya gari. Jua lilinipiga utosini. Nilitembea mtaa, nikarudi, nikatembea mwingine, miguu ikaanza kuuma, na nikajikuta nacheka peke yangu: anakuchosha makusudi. Nyumba nikaipata, mlango wa pembeni wa chuma wenye rangi ya kijani, kama nilivyoelekezwa.

Nikainua mkono kubisha. Kisha nikaushusha, nikatoa simu, nikabonyeza kurekodi.

Nikabisha.

Kimya. Mashine ya kiyoyozi ikidondosha maji ukutani. Halafu, mbali ndani, mtu akaburuta malapa. Yakaja polepole, yakasimama kidogo kana kwamba mwenyewe anatafuta kitambaa cha kichwa, yakaja tena. Niliisogeza simu karibu na mlango. Komeo likalia, mlango ukafunguka, na baridi ya ndani ikanipiga usoni kama ukungu wa nyumbani.

"Ni wewe ule wa blanketi?" mwanamke mnene aliniuliza, khanga kifuani, nusu ya nywele zimesukwa na nusu bado.

Nikabonyeza, sauti ikaenda Molo. Kisha nikaongeza ya pili, palepale kizingitini: "Naomi, hiyo ni yako peke yako. Usimsikizishe Wanja. Wanja atafute mlango wake."

"We dada, unaongea na nani?"

"Na dada yangu."

"Basi ongea naye ukiwa ndani," Nakato akasema, akilivuta blanketi kutoka kwapani mwangu. "Unanitolea baridi yote nje."